Meza za Kichina Ziitwazo za Madhabahu: Uhakiki wa Jina na Hukumu ya Kuwekwa Nyumbani



Muislamu anayeishi London au Toronto akiingia katika duka la samani za kale, mara nyingi ataikuta meza ndefu na nyembamba, ya mbao zilizopakwa rangi nyeusi au nyekundu iliyokwisha kufifia, na ncha zake mbili zimepinda kwenda juu kama pembe. Kikaratasi kilichobandikwa kinasema kuwa hiyo ni meza ya madhabahu kutoka China, ya karne ya 19. Meza imempendeza, na ukumbini kwake pana ukuta mtupu unaoingoja, lakini neno madhabahu limemsimamisha. Akiuliza, atajibiwa kwa moja kati ya kauli mbili. Wapo watakaomwambia kuwa hiki ni chombo cha ushirikina na hakifai kuvuka kizingiti cha nyumba ya Muislamu. Na wapo watakaomwambia kuwa mbao ni mbao, anunue na asijitie wasiwasi. Tumekusudia katika makala haya kuzihakiki kauli hizi mbili, pamoja na jina lenyewe ambalo zote mbili zimelipokea bila ya kulichunguza. Na iko mas-ala ya tatu, nayo kwa rai yangu ni nzito kuliko hizo mbili, ambayo muulizaji na mjibuji wote huipita.

Jina na kosa lililomo

Neno letu madhabahu tumelitoa katika Kiarabu, madhbah, na asili yake ni dhabaha, yaani kuchinja. Kwa hiyo Mswahili anapolisikia hufikiri juu ya damu. Qur'ani imeyataja mawe ya nusubu ambayo Waarabu wa zama za jahilia walikuwa wakichinja kwayo, na makatazo yake yamo katika aya ya 3 na ya 90 za Suratul Maida. Anayeiharamisha meza ya Kichina hujenga hoja yake hapo: madhabahu ni nusubu, na nusubu ni haramu, basi meza ni haramu. Hoja imepangwa vizuri, ila utangulizi wake wa kwanza haukuthibiti.

Wang Shixiang (1914–2009), mwanachuoni wa Beijing ambaye hakuna mtu wa zama zetu aliyezihudumia samani hizi kumshinda, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1985 kwamba meza za Kichina hugawanywa kwa kutazama miguu. Ile ambayo miguu yake imesimama kwenye kona zake nne huitwa zhuo. Ile ambayo miguu yake imeingia ndani, uso wa meza ukatokeza nje kulia na kushoto, huitwa an. Meza yetu yenye ncha zilizopinda ni ya tapo hili la pili. Na neno an halina ibada ndani yake hata chembe. Meza ya hakimu wa serikali iliitwa kwa neno hilo hilo, na mpaka leo Wachina wakisema an huweza kukusudia kesi iliyo mahakamani. Lipo neno jingine, gongzhuo, lenye maana ya meza ya kuwekea sadaka za wahenga na miungu, nalo ndilo lingestahiki kufasiriwa hivyo. Wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani wameyachanganya yote pamoja, na sababu yake si ngumu kuijua: meza yenye harufu ya ubani huuzika haraka kuliko meza ndefu ya ukutani.

Mwandishi Wen Zhenheng, aliyefariki mwaka 1645 pale utawala wa Ming ulipoanguka, alitunga kitabu juu ya vitu ambavyo mtu muungwana huvipanga nyumbani mwake. Katika maelezo yake ya meza ya ukutani anasema urefu wake uwe vyovyote lakini isiwe pana kupita kiasi, kisha anataja mitindo kadhaa na kuongeza kuwa yote yafaa kuwekea sanamu ya Budha. Tazama vizuri alivyosema. Amesema yafaa. Hakusema kuwa imetengenezwa kwa ajili hiyo na kwamba haiwi isipokuwa hiyo. Meza moja iliweza kubeba sanamu katika nyumba ya mtu mmoja, na ikabeba vitabu na jiwe la kupendeza katika nyumba ya jirani yake.

Ama vitabu vya zama hizi vilivyozifanya samani hizi zijulikane duniani, cha kwanza kwa daraja ni cha Mjerumani Gustav Ecke, kilichotoka Beijing mwaka 1944 kwa nakala 200 tu, kisha hivyo vya Wang. Kwa fundi ni vitabu visivyo na mfano. Msomaji ataona jinsi ulimi wa ubao mmoja unavyoingia katika tundu la mwingine, viungo vikashikamana bila ya msumari, na meza ikasimama miaka 300. Atajifunza mbao zake: huanghuali, ambayo ni ya jamii moja na mpingo wetu, na zitan, ambayo ni ndugu wa mninga. Lakini nina neno juu yao. Wote wawili wameziinua mbao ngumu za nyumba za matajiri, na meza za mbao hafifu za vijijini, ambazo ndizo nyingi madukani leo, zimepata nafasi ndogo. Tena wamezitazama meza kwa jicho la seremala: wametuambia jinsi ilivyosimama, na kidogo sana juu ya aliyesimama mbele yake. Ecke aliziita samani za nyumbani, na jina hilo ni la kweli, lakini nyumba ya Kichina ilikuwa pia mahali pa ibada, na mwenye kutaka hukumu hatoshelezwi na vipimo.

Ukumbi na kilichowekwa juu

Nyumba ya Kichina ya desturi ina ukumbi wa katikati. Kwenye ukuta wa nyuma wa ukumbi huo, ukitazama mlango, husimama meza ndefu. Mbele yake huwekwa meza ya mraba, na ubavuni mwa meza hiyo ya mraba viti viwili vya heshima. Katika nyumba nyingi meza ndefu ilibeba vibao vya mbao vyenye majina ya wahenga, na mbele ya vibao chetezo, vinara viwili vya mishumaa na vyombo viwili vya maua. Siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi wao ubani uliwashwa. Katika sikukuu waliandaa nyama, mvinyo na matunda, kisha jamaa wakapiga magoti na kuinamisha vichwa mpaka chini. Zhu Xi (1130–1200), ambaye ndiye aliyezipanga taratibu za familia zilizofuatwa na Wachina kwa karne nyingi, alielekeza kuwe na chumba maalumu chenye vibao vya vizazi vinne, kila kizazi na meza yake. Hii ni ibada kwa maana ya wazi, na hatuna haja ya kuipamba wala kuipunguza.

Lakini nenda Huizhou, katika jimbo la Anhui, na utaukuta ukumbi huo huo na meza hiyo hiyo, na juu yake saa katikati, chombo cha maua upande mmoja na kioo upande wa pili. Majina ya vitu hivi vitatu kwa Kichina, yakitamkwa kwa mfululizo, husikika kama maneno yenye maana ya utulivu katika umri wote. Basi wameviweka hapo kwa ajili ya kusikika huko. Mwanafunzi wa fiqhi atauliza kama hii ni fali njema au ni tiyara iliyokatazwa, na ni swali la kuulizwa. Hata hivyo haliwi swali la kuabudu.

Wakatoliki walilipitia jambo hili kabla ya Waislamu wa Toronto. Walibishana wao kwa wao kama heshima ya wahenga ni ada au ni ibada. Amri za Roma za mwaka 1704 na 1715 ziliikataza, amri ya 1742 ikafunga mlango wa mjadala, na mwaka 1939 mlango ukafunguliwa tena. Miaka 235 kutoka amri ya mwanzo hadi ya mwisho! Na hata katika makatazo yale kibao chenye jina la maiti peke yake kiliachwa, kikakatazwa kile kilichoandikwa kuwa ni kiti cha roho yake. Nao pia, katika ukali wao wote, walilitazama lile lililo juu ya meza.

Waislamu wa China

Hapa ndipo penye ushahidi ambao wenye kauli zote mbili wameuacha. Waislamu wa China waitwao Hui wamekaa na meza hizi kwa karne nyingi, katika nyumba zao na katika misikiti yao. Walijenga kumbi kama za majirani zao na wakanunua kwa maseremala wale wale. Wakabadilisha kilichowekwa juu. Palipokaa vibao vya wahenga wao hawakuweka kibao. Ukutani wakatundika maandishi ya Kiarabu, na juu ya meza wakaweka vyombo vitatu: chetezo, kikopo chenye kifuniko cha kutilia udi, na chombo cha kusimamishia koleo na kijiko. Udi huo huwashwa inaposomwa Qur'ani nyumbani, kama unavyowashwa katika maulidi na khitima za pwani yetu.

Vyetezo vyao vya shaba vyenye shahada na dhikri, na vyombo vya kaure vyenye Kiarabu na Kifarsi vilivyotengenezwa katika utawala wa Zhengde (1506–1521), vimo leo katika makumbusho makubwa. Mkusanyiko wa Percival David, ulioko British Museum tangu mwaka 2009, una baadhi ya vyombo hivyo vya kaure. Anayesoma Kiarabu akivitazama atapata raha na tabu kwa pamoja. Herufi zinaanza nene na kumalizika nyembamba kama ncha ya upanga, kwa kuwa walizoea brashi. Nukta nyingine zimehama, nyingine hazipo kabisa, na mara nyingine ni dhahiri kuwa aliyetia kalibu hakuijua lugha, alinakili umbo tu. Kuna vyetezo ambavyo chini yake pamepigwa muhuri wa Xuande, mfalme wa mwaka 1426 hadi 1435, ilhali vimetengenezwa karne mbili au zaidi baada yake. Mnunuzi na ajihadhari na mihuri hiyo.

Wanavyuoni wao hawakuwa watu wa kughafilika. Wang Daiyu, ambaye kitabu chake mashuhuri kilitoka mwaka 1642, alizijadili dini za Kibudha na Kitao kwa ukali. Liu Zhi wa Nanjing, katika kitabu chake cha mwanzoni mwa karne ya 18, alieleza swala, ndoa, chakula na mazishi kwa istilahi za Confucius ili wasomi wa nchi yake wamfahamu, na akapata hata kutajwa katika orodha kuu ya vitabu ya dola. Watu hawa walijua mstari ulipo.

Na mstari huo uligharimu. Katika misikiti ya China kiliwekwa kibao cha kumtakia mfalme umri wa miaka elfu kumi, na kibao hicho kilikaa juu ya meza, na mbele yake chetezo. Marshall Broomhall, mmishionari Mwingereza, ameeleza habari yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1910. Kukikataa ilikuwa ni uasi, na kukisujudia ilikuwa ni kufuru. Imesimuliwa kwamba walichukua tahadhari ili vipaji vyao vya nyuso visiguse ardhi kwa ajili yake. Ndugu msomaji, hebu fikiri: watu waliokuwa wakiipima sijda yao kwa upana wa kidole, ndio hao hao walioiacha meza ibakie nyumbani mwao. Sidhani kuwa aliye mbali na jambo hili, aliyelijua kupitia kikaratasi cha bei, ana haki ya kuwatangulia kwa ukali.

Dalili za sharia

Anayehalalisha bila ya sharti huegemea msingi kwamba asili ya vitu ni uhalali, na msingi huo ni sahihi. Al-Kaaba yenyewe ilizungukwa na masanamu 360, na Mtume (s.a.w.) alipoingia Makka mwaka wa 8 wa Hijra yaliondolewa masanamu, Nyumba ikabaki. Mahali pa Msikiti wake Madina palikuwa na makaburi ya washirikina. Yalifukuliwa, ardhi ikasawazishwa, na ikaswaliwa juu yake. Kwa hiyo kutumika kwa kitu katika shirki hakukiachii kitu hicho sifa isiyofutika.

Wa upande wa pili hujibu kwa hadithi ya Thabit bin Dhahhak iliyopokewa na Abu Daud, ya mtu aliyeweka nadhiri ya kuchinja mahali paitwapo Buwana. Mtume (s.a.w.) hakumruhusu mpaka alipouliza kama hapo palikuwa na sanamu lililoabudiwa, au sikukuu ya watu wa jahilia. Ni dalili nzuri, na anayesema kuwa haina uhusiano na mas-ala haya hakuifahamu. Lakini iangalie ilipoangukia: imeangukia kitendo cha ibada kinachofanywa mahali pale pale, kwa namna ile ile, na ambacho mtazamaji hawezi kukitofautisha na cha kabla yake. Hapo ndipo penye mpaka wa mas-ala yetu, na nitarejea kwake.

Kuna jambo la tohara ambalo ajabu ni kuwa halitajwi, na fiqhi yetu ina mengi ya kulisemea. Katika sadaka za Wachina nyama ya nguruwe na mvinyo ni vitu vya kawaida. Abu Thaalaba Al-Khushani (r.a.) aliuliza juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim: wakipata vingine wasitumie hivyo, na wasipopata waviosheni kisha wavitumie. Katika riwaya ya Abu Daud sababu imetajwa, kwamba walikuwa wakipikia nguruwe na kunywea mvinyo. Je, meza nayo ioshwe? Katika madhehebu ya Imam Shafi kauli mashuhuri ni kuwa najisi ya nguruwe huoshwa kama ya mbwa, mara saba, moja kwa udongo. Imam Nawawi (aliyefariki 676 H) aliona kuwa kwa upande wa dalili kuosha mara moja kwatosha. Lakini haya ni pale najisi inapothibiti. Chakula chao kiliwekwa katika sahani na bakuli, hakikumwagwa juu ya mbao, na meza iliyopita mikono mingi kwa miaka 100 haihukumiwi kwa dhana. Yakini haiondolewi na shaka. Anayetaka moyo wake utulie na aifute kwa maji. Na ajue kwamba meza iliyopakwa laka ya Kichina haidhuriwi na kitambaa chenye maji kama inavyodhuriwa mbao tupu, ila aikaushe upesi.

Ama michoro, meza nyingine zimechongwa ubavuni mazimwi, popo na watu wa hekaya zao. Popo wao ni kwa ajili ya jina, kwani hutamkwa kama baraka. Hukumu ya sura za viumbe imeelezwa mara nyingi na hatuirudii yote, inatosha kukumbuka pazia la Bibi Aisha (r.a.) lililokatwa likawa mito. Samani na nakshi nyingi za mbao kutoka vijiji vya China ya kusini zimefika zikiwa nyuso za watu wake zimekwisha kuchongolewa. Mtu wa fiqhi huweza kufurahi kwamba kazi imefanywa kabla yake. Asifurahi haraka, na sababu yake ndiyo hii mas-ala ya tatu.

Meza hii ilikuwa ya nani?

Nyuso hizo zilichongolewa katika Mapinduzi ya Utamaduni, yaliyoanza mwaka 1966 na kumalizika 1976. Mwezi wa Agosti 1966 vijana walioitwa Walinzi Wekundu walianza kuingia majumbani kuangamiza kila walichokiita cha kale. Vibao vya wahenga vilichomwa. Samani zilivunjwa, au zilichukuliwa na kurundikwa. Chen Mengjia, mshairi na mtaalamu wa maandishi ya kale ya China, ambaye alikusanya samani za Ming kabla ya wengi kuzijua, aliteswa na akajiua mwezi wa Septemba mwaka huo huo. Mali za Wang Shixiang zilichukuliwa. Yeye alirudishiwa sehemu kubwa, na mwaka 1993 samani 79 alizozikusanya ziliingia katika jumba la makumbusho la Shanghai. Wangapi hawakurudishiwa? Kabla ya hapo, sheria ya ardhi ya mwaka 1950 ilikuwa imechukua ardhi za kumbi za koo, mahekalu na nyumba za watawa. Kumbi zilizobaki bila ya mapato ziligeuzwa maghala na shule, na meza zake zikafuata njia zake. Baada ya nchi kufunguka mwishoni mwa miaka ya 1970, wachuuzi walizunguka vijijini wakikusanya, mzigo ukapita Hong Kong na Macau, na kutoka huko ukaenea duniani. Tangu mwaka 2007 China imezuia kutolewa nje vitu vya kale vya kabla ya mwaka 1911.

Sasa muulizaji wetu anauliza kama meza ilisujudiwa. Hakuuliza kama iliporwa. Na katika sharia la kwanza huondoka kwa kuondoa kibao na chetezo, ilhali la pili haliondoki kwa kuosha wala kwa kupita miaka. Asiseme mtu kwamba mwenyewe alikuwa mshirikina. Wakfu wao kwa ajili ya kuabudia wahenga hausimami katika fiqhi yetu, hilo ni kweli, lakini kubatilika kwa wakfu hakumfanyi mwenye mali kuwa hana mali. Mali hurudi kwa mwenyewe au kwa jamaa zake, haiwi ya aliyepita njia akaibeba.

Sikusudii kuwatia watu uzito usio na dalili. Mkono ulioshika kitu ni dalili ya umiliki mpaka ionekane alama ya kinyume chake, na mnunuzi hakulazimishwa kupekua historia ya kila ubao. Kufanya muamala na mtu ambaye mali yake nyingi ni ya haramu, Nawawi amesema ni makuruhu na si haramu, na akamkhalifu Ghazali aliyekuwa mkali zaidi. Lakini alama ikiwepo, haifai kufumba macho. Meza ambayo muuzaji mwenyewe anajisifu kuwa ilitoka katika ukumbi wa ukoo fulani, yenye maandishi ya jina la ukoo huo na mwaka iliyotolewa, imejitambulisha. Atafutwe mwenyewe. Ikiwa amekatikiwa na tamaa ya kumpata, Ghazali ameeleza katika Ihya kwamba mali ya namna hii hutolewa sadaka kwa niaba ya mwenyewe, na Nawawi ameinukuu rai hiyo.

Mwenye kukimbia haya yote huenda akanunua meza mpya iliyoigizwa ya zamani. Ni halali, ila na aulize mbao zake. Miti mingi ya mukula ilikatwa Zambia na Katanga kwa ajili ya samani za namna hii, hata mti huo ukawekewa masharti ya biashara ya kimataifa mwaka 2019. Na anayeuziwa mpya kwa jina la kale amefanyiwa udanganyifu, na ana hiari ya kuirudisha kwa aibu iliyofichwa.

Matumizi ya nyumbani leo

Wapambaji wa nyumba za Ulaya na Marekani huitumia meza hii mlangoni kwa kuwekea funguo na barua, nyuma ya makochi, au chini ya televisheni, na kwa wembamba wake inafaa sana mahali pembamba. Wengine huikata miguu wakaifanya meza ya kahawa. Huku ni kuharibu kazi ya fundi na kupoteza mali, wala sioni uzuri wake. Lakini kinachonishughulisha zaidi ni mtindo wa kuirudishia kila kilichoondolewa: kichwa cha Budha katikati, mishumaa miwili, chetezo mbele, na taa ndogo juu yake. Mwenye nyumba anasema ni pambo. Hapa ndipo hadithi ya Buwana inapoingia kwa nguvu zake zote. Meza peke yake haikuwa na neno, lakini mpangilio huu ni ule ule wa ibada, hakuna kilichopungua ila magoti. Muislamu asiuweke, hata kama moyo wake ni safi kama maji. Meza hiyo hiyo ikiwekwa vitabu na taa ya kusomea, au msahafu juu ya rehali, hakuna wa kumkataza. Na ikiwa chumba ndicho anachoswalia, asiiweke upande wa kibla ikiwa imejaa mapambo, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alilirudisha vazi lenye nakshi lilipomshughulisha katika swala.

Pwani yetu ilikwisha kuyafanya haya bila ya kuandika fatwa. Kaure za China zilipangwa katika zidaka za nyumba za Lamu, na bakuli zake zikajengewa katika nguzo za makaburi ya Kunduchi. Waliozileta hawakuuliza mfinyanzi aliabudu nini. Walizinunua, na biashara ilijulikana mwanzo wake na mwisho wake.

Imebaki chetezo. Muislamu anayeogopa meza ya madhabahu huona faraja anapokiona mnadani chetezo cha shaba chenye shahada, akakinunua kwa furaha kuwa amekikomboa. Katika vitu vyote tulivyovitaja, hiki ndicho ninachokihofia zaidi. Misikiti ya China ilifungwa katika miaka ile ya 1966 hadi 1976 na vyombo vyake vikatawanyika, na chetezo cha msikiti ni wakfu ulio sahihi kwa ijmai ya madhehebu yetu, hauuzwi, haurithiwi wala haupewi mtu zawadi. Chetezo cha nyumba ya mtu ni mali yake na wanawe wana haki ya kukiuza. Basi mnunuzi amuulize muuzaji kilitoka wapi na lini. Maandishi yake yasomwe na anayejua Kiarabu, na yale ya Kichina yaliyo chini au ubavuni yasomwe na anayejua Kichina. Likionekana jina la msikiti, asikinunue kwa nia ya kukimiliki. Na kama ameshakinunua, kiko mikononi mwake kwa amana mpaka kiufikie msikiti huo, au ulio karibu nao ikiwa wenyewe haupo tena.